Mdiria wa Lindsay Pascoe

Tuanze na yale yanayosemwa kwenye duka la mikate, ili yamalizwe mapema. Inasemwa mjini Kellaway kwamba marehemu Lindsay Pascoe, katika machipuko yake ya mwisho duniani, alitunga ndege. Yaani alikaa akabuni mdiria ambaye hakuwepo, akamwandika kwenye Kitabu cha Wageni ili avunje rekodi ya rafiki yake iliyodumu miaka ishirini na minne. Inasemwa pia kwamba mjane wake, Honor, alipoona mambo yanafichuka, aliuchana ukurasa huo akaondoka nao.

Yote mawili si kweli. Ukurasa upo. Ni wa mia moja na kumi na saba katika kitabu cha nne, ndani ya kabati la ukumbi, na ufunguo wa kabati unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango kama ulivyoning'inia siku zote. Mwenye macho aende akasome. Kuna ukurasa uliochanwa, ndiyo, lakini haukuwa wa kitabu hicho, na habari zake zitafika mahali pake.

Lindsay alikuwa mkuu wa posta ya Kellaway kwa miaka thelathini na mmoja. Katika mji wa watu mia nane, hiyo ni kazi ya kujua mengi. Alijua nani anaandikiwa na hospitali, nani anaandikiwa na gereza, na nani hupokea bahasha za waridi zisizotoka kwa mkewe. Barua zilipita mikononi mwake kama maji yanavyopita kwenye bomba. Zilifika, na bomba halikusimulia. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani ambayo haikuwahi kusema kweli, na muhuri wa mpira aliouomba mwenyewe. Muhuri ule uliandikwa RUDISHA KWA MTUMAJI. Ndio uliogongwa kwenye barua iliyoandikwa anwani ya kosa, na Lindsay aliugeuza kuwa msemo wa nyumbani. Uji ukiungua, alisukuma bakuli polepole akasema, "Hii irudi kwa mtumaji." Binti yao alipoleta mchumba aliyevaa miwani ya jua mezani, Lindsay alimngoja aende kunawa mikono, akamnong'oneza Honor, "Na huyu pia."

Kila Jumamosi, kuanzia Agosti, baridi ya huku kusini mwa dunia inapoisha na miwati inachanua njano, hadi Novemba, alikwenda na chama cha watazama ndege kwenye njia ya kijito. Chama kile kina Kitabu cha Wageni, na wageni wenyewe ni ndege wanaorudi kutoka kaskazini baada ya baridi. Kwa kila aina huandikwa tarehe ya kwanza aliyoonekana au kusikika, na herufi za jina la aliyemtambua. Hakuna zawadi wala kikombe. Lakini watu wazima, wenye wajukuu, wameacha kusalimiana wiki nzima kwa sababu ya siku mbili za tofauti juu ya kekeo.

Kitabu kile kina adhabu moja tu, nayo ni mabano. Rekodi ikitiliwa shaka, katibu huizungushia mabano kwa penseli. Haifutwi. Inabaki pale, na herufi za jina lako, ndani ya kijumba chake kidogo, milele. Mji mzima uliliazima neno hilo. Mtu akiulizwa kuhusu ndoa yake ya kwanza husema, "Hiyo iko kwenye mabano," na hapo mazungumzo huhamia kwenye hali ya hewa.

Honor hakuwa mtu wa ndege. Alikuwa amesoma chuo kikuu wakati ambapo wasichana waliofika huko kutoka vilima vile walihesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, akafundisha muziki kwenye shule ya wasichana miaka ishirini na minane, na kwaya yake haikuwahi kuanza kwa kuchelewa. Kuhusu ndege alisema wana sauti nzuri ila hawakufundishwa. Jumamosi alimfungia mumewe mkate na chupa ya chai, akafunga mlango, akapiga kinanda kwa amani.

Kwa hiyo siku ya tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka wa themanini na tano, Lindsay alipoingia jikoni na matope hadi magotini bila kuvua buti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka arobaini ya ndoa, Honor alidhani kuna mtu ameanguka kijitoni.

"Honor! Mdiria!"

"Amefanya nini?"

"Amekuja! Kwenye kona ya chini ya daraja. Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Wim atakula kofia yake!"

Wim Terpstra alikuwa mkulima wa tulipu na rafiki yake wa siku zote, na rekodi ya mdiria ilikuwa yake: tarehe kumi na tisa Septemba, mwaka wa sitini na mmoja. Lindsay alikuwa amemshinda kwa wiki tano na siku tatu. Jioni hiyo alikwenda ukumbini akaandika. Tarehe tisa Septemba, asubuhi, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu, moyo wake ulisimama.

Mwaka mmoja baadaye, Beverley Ockenden alikuja nyumbani kwa Honor na barua. Beverley alikuwa katibu mpya wa chama. Alikuwa na miaka arobaini na tatu na watoto watatu, lakini aliwahi kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Honor, na mlangoni pale alijikuta akifuta viatu mara mbili.

"Mwalimu, naomba usinielewe vibaya."

"Sijaanza kukuelewa hata kidogo, Beverley. Kaa."

Honor aliisoma barua hadi mwisho, akachukua kalamu, akaongeza alama ya mkato iliyokosekana kwenye mstari wa tatu, akairudisha. Barua ilisema kwamba chama kinatimiza miaka hamsini, kwamba Kitabu cha Wageni kitachapishwa, na kwamba kabla ya kuchapishwa kamati ingependa kuizungushia mabano rekodi ya mdiria wa L.P.

"Ni mabano tu, Mwalimu. Kwa penseli."

"Penseli yenu iliwahi kufuta nini tangu chama kianze?"

Beverley aliangalia chai yake. "Lakini wiki tano! Mdiria yuko kaskazini mpaka Septemba inaisha. Hawezi kufika huku Agosti, labda kama alikata tiketi ya ndege."

"Lindsay alisema alimsikia."

"Alimsikia, ndiyo. Peke yake."

"Na kwenye duka la mikate wanasemaje?"

"Ah, watu... Watu wanasema tu, Mwalimu."

"Wanasema mume wangu ni mwongo."

"Mimi sisemi hivyo!"

"Wewe utakuwa umeandika," Honor alisema. "Kwa penseli. Matembezi yenu ya kwanza mwaka huu ni lini?"

"Jumamosi hii. Saa moja na nusu, pale kwenye maegesho ya magari."

"Nitakuja."

"Wewe?"

"Nina miguu, Beverley. Miwili."

Alipobaki peke yake Honor alikaa muda mrefu mbele ya kinanda bila kukifungua. Mabano yale hayakuwa ya ndege. Mtu aliyepitisha siri za mji mzima mikononi mwake kwa miaka thelathini na mmoja asidondoshe hata moja, ndiye sasa angekaa kwenye kitabu kilichochapishwa, kwenye rafu za wajukuu wa watu, ndani ya alama mbili za penseli zinazosema: neno la huyu msilitegemee. Honor aliazimia kwamba kama mdiria yule yupo, atamleta yeye mwenyewe, hata kwa kumshika mkia.

Jumamosi asubuhi ilikuwa na baridi ya kuvuta kamasi. Watu kumi na mmoja wa chama walikuwa wamesimama kwenye maegesho wakipuliza vidole, darubini shingoni. Wim alikuwa amevaa kopo la aiskrimu kichwani, limefungwa kwa uzi kidevuni, na nyuma yake amelichora macho mawili makubwa ya kijani. Mwezi ule kuna ndege weusi wenye mabaka meupe ambao hawataki mtu yeyote apite chini ya viota vyao, na hushambulia kutoka nyuma. Ukiwa na macho kisogoni wanasita. Honor alifika akiwa amevaa koti la mvua la Lindsay na buti zake za mpira, zilizomzidi namba mbili hata baada ya soksi mbili.

"Karibu, shemeji," Wim alisema. "Hizo buti ni za nani, za tembo?"

"Za rafiki yako."

Wim alizitazama kuanzia kisigino hadi goti. Kisha akasema, "Basi njia zinaijua. Wewe zifuate tu."

"Na wewe nani alikuvika hilo kopo?"

"Mke wangu. Anasema sijawahi kupendeza hivi tangu harusi."

Waliingia msituni. Honor aligundua kwamba kutembea kwa watu hawa ni kusimama. Wanapiga hatua nne, mmoja anainua kidole, wote wanaganda kama waliopigwa picha, kisha mmoja ananong'ona jina, vichwa vinatikiswa, penseli zinaandika, hatua nyingine nne. Kijito kilikuwa kimejaa maji ya mvua za baridi, kinapita juu ya magogo kwa kelele. Pande zote mbili mikangaga mirefu kama miti ilikuwa imeanza kufungua majani mapya, yamejikunja kama vichwa vya fidla, na juu kabisa mikaratusi iliyoungua kwenye moto wa mwaka wa themanini na tatu ilikuwa imevaa manyoya ya machipukizi kuanzia shina hadi tawi, kama watu waliotoka nje na nguo za kulalia.

Ruba mmoja alimpata Honor juu kidogo ya soksi. Hakupiga kelele. Alimwonyesha Wim.

"Hicho ni kiingilio, shemeji. Kila mtu hulipa."

"Na wewe umelipa?"

Wim alipandisha suruali. Alikuwa amelipa mara tatu.

Baada ya nusu saa, Beverley alimshika kiwiko taratibu, akamwelekezea darubini kwenye ukuti uliolala juu ya maji. Palikuwa na ndege mdogo kuliko ndimu, mgongo mweusi kama makaa, kifua cha waridi iliyokolea, rangi ambayo Honor angemkatalia mwanafunzi yeyote kuja nayo shuleni. Ndege aligeuza kichwa, akamtazama, akaruka. Honor alibaki na darubini machoni, akitazama ukuti mtupu unaotikisika.

"Alikuwa akiniambia kuhusu huyu," alisema. "Miaka arobaini. Nilidhani anatia chumvi."

"Na sikiliza huyo, Mwalimu," Beverley alisema, kwa furaha ya mtu anayemfundisha mwalimu wake. "Ndege mjeledi. Unasikia? Dume anavuta sauti, anavuta, halafu anaipasua kama mjeledi. Na jike anajibu haraka sana, pale pale, unaweza kudhani ni ndege mmoja. Lakini ni wawili. Mmoja yuko upande huu wa kijito, mwingine ng'ambo."

Honor alifumba macho. Mjeledi ulipasuka kushoto, jibu la sauti mbili fupi likatoka kulia. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Jike anachelewa kidogo," alisema. "Kidogo sana. Lazima asikie kwanza ndipo aingie. Vizuri. Wamefanya mazoezi."

Walivuka daraja saa tatu kasorobo. Kona iliyo chini yake ni mahali ambapo kijito kinajipinda na kichaka cha mikangaga kinaziba kila kitu; unaona maji, unaona giza la kijani, basi. Walisimama hapo kunywa chai. Wim alikuwa anafungua chupa yake wakati sauti ilipotoka ndani ya kichaka, kavu na safi, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole:

*Kek-kek-kek-kek.*

Kifuniko cha chupa kilibaki mkononi mwa Wim.

*Kek-kek-kek-kek.*

"Mdiria," Beverley alinong'ona. "Mungu wangu. Mdiria. Tarehe ishirini na tatu Agosti."

Hapo watu wazima kumi na mmoja waligeuka watoto. Penseli zilitolewa, na kalamu za wino pia. Mmoja aliandika saa, mwingine akamwuliza mwenzake tarehe ambayo alikuwa ameambiwa sekunde iliyopita. Wim alimwaga chai kwenye buti zake, akamkumbatia Honor, na kopo likampiga Honor kwenye paji la uso.

"Umesikia, shemeji? Hapa hapa alipomsikia yeye! Hakukosea hata kidogo! Ameniua, mshenzi yule, ameniua nikiwa hai, na mimi nafurahi!"

"Mwalimu," Beverley alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nisamehe. Mabano hayapo tena. Nitaandika leo hii hii."

Hilo ndilo Honor alilolifuata pale. Alikuwa amelipata katika saa moja na dakika ishirini, kwa gharama ya ruba mmoja. Angeweza kunywa chai na kurudi nyumbani, na jina la Pascoe lingekaa kwenye kitabu bila doa. Tatizo lilikuwa masikio yake. Wenzake walikuwa wakiandika. Yeye hakuwa na daftari, kwa hiyo aliendelea kusikiliza.

*Kek-kek-kek-kek*, ilisema sauti ya kichakani. Kisha, bila kupumua, ikavuta, ikavuta, ikapasua mjeledi. Na jibu la jike likafuata papo hapo, sauti mbili fupi, mahali pale pale na kwa pumzi ile ile, wala halikuchelewa hata kidogo.

Anayesubiri kusikia ndipo aingie, lazima achelewe. Asiyechelewa alijua tangu mwanzo.

Honor alikumbuka wiki za mwisho za Lindsay. Baada ya furaha ile ya jikoni alikuwa amerudi kijitoni asubuhi baada ya asubuhi, na kigoda, na kila siku alirudi na maneno machache zaidi. Jioni ya mwisho ya uhai wake alikaa mezani akigeuza geuza kijiko, kisha akasema, "Honor, kuna kitu ukumbini inabidi kirudi kwa mtumaji. Kesho nitakwenda." Honor alidhani ni viti vya kuazima. Asubuhi yake alikuwa anafunga kamba za viatu.

Alikuwa anakwenda ukumbini. Viatu vile alikuwa anavivaa ili aende kujisahihisha mwenyewe.

"Huyo si mdiria," Honor alisema.

Kila mtu alimtazama. Wim alicheka kwanza. "Shemeji, sisi tumemsikia watu kumi na mmoja. Ukijumlisha miaka yetu ya kusikiliza, tunafika enzi za Nuhu."

"Mmemsikia akianza. Sasa mwacheni amalize. Msiandike. Sikilizeni."

Walisikiliza. Mlango uligongwa mara nne, mjeledi ukapasuka, jibu likaja.

"Beverley, jike yuko wapi?"

"Yuko..." Beverley alinyoosha kidole ng'ambo ya kijito, akakishusha, akakirudisha kichakani. Uso wake ulibadilika. "Hapo hapo."

"Koo moja. Nimesimamia kwaya miaka ishirini na minane. Najua mtu mmoja akiimba sauti mbili za watu."

"Lakini haiwezekani," Wim alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Ndege kinubi? Chini ya daraja? Hawajakanyaga huku tangu moto, shemeji. Miaka mitatu. Wako juu kule kwenye maporomoko, kila mtu anajua."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kosa lao. Mtoto yeyote wa Kellaway anajua kwamba ndege kinubi huiga wenzake, na hakuna mtazama ndege anayeandika sauti kabla ya kujiuliza kama ni yeye. Lakini walijua pia kwamba moto ulimfukuza kutoka kona ile, na kwa kuwa walijua, hakuna aliyejiuliza. Mtu asiyejua kitu asingekosea hivyo. Ilihitaji wajuzi.

Honor alishika ukuti mmoja wa mkangaga, akauinua, akatoka nje ya njia.

"Mwalimu, kutoka nje ya njia hairuhusiwi!"

"Niandikie adhabu."

Alipiga hatua sita ndani ya buti za mumewe, akasimama, akawaita kwa mkono bila kugeuka. Walikuja wote, kwa ncha za vidole, wakivunja kanuni yao ya miaka hamsini. Ndani kabisa ya kichaka palikuwa na kichuguu kidogo cha udongo uliokwanguliwa, na juu yake amesimama dume wa rangi ya majani makavu, mkubwa kama jogoo, mkia wake wote ameumwaga mbele juu ya kichwa kama shela ya bibi harusi. Mkia ulikuwa unatetemeka. Chini ya shela ile mdomo ulifunguka, ukasema *kek-kek-kek-kek*, ukapasua mjeledi, ukajijibu, kisha ukamcheka kila mtu kwa sauti ya ndege mcheko, kicheko kirefu cha kutoka tumboni.

Wim alivua kopo. Alilishika kifuani kama kofia kanisani.

"Ametuzoa sote," alisema mwishowe. "Kumi na mmoja. Kwa wino!" Akaanza kutetemeka mabega, na kicheko chake kikawaambukiza wengine, hata ndege akanyamaza kidogo kuwasikiliza, pengine ili ajifunze.

Ni hapo, kicheko kilipokuwa kinaisha na watu wanarudi njiani, ambapo mmoja wa wale kumi na mmoja alimsogelea Honor, akasema kwa sauti ya chini, "Tungeweza kuliacha tu. Tumesikia mdiria, tumeandika mdiria. Kwa ajili yake. Nani atajua?"

Halikusemwa kwa ubaya, na hilo liwekwe wazi. Lakini Honor alinyoosha kiganja, kama alivyokuwa akinyoosha darasani mtu alipokutwa na kikaratasi cha kupitishana. Mtu yule alitazama kiganja, akafungua daftari lake la mfukoni, akauchana ukurasa wenye mdiria, akamkabidhi. Honor aliukunja mara mbili akausokomeza ndani ya buti.

"Yeye angejua," alisema.

Huo ndio ukurasa uliochanwa. Hakuna mwingine.

Alasiri, ukumbini, Beverley alifungua kitabu cha nne kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na saba, akaweka penseli mezani, mbali kidogo na mkono wake.

"Sasa inakuwaje, Mwalimu? Kanuni inasema mabano."

"Mabano ni ya shaka. Kuna mtu hapa mwenye shaka?"

Hakukuwa na mtu.

"Basi ni kosa, na kosa hupigwa mstari. Wino mwekundu, kwa rula." Honor aliupiga mwenyewe. Alipiga mstari juu ya neno *mdiria* kwa mkono usiotikisika, na watu walisogeza viti kwa heshima kana kwamba ni maziko.

"Ngojeni," Wim alisema. "Ngojeni kwanza. Kama yule hakuwa mdiria, alikuwa nani? Alikuwa ndege kinubi, chini ya daraja, tarehe kumi na mbili Agosti mwaka jana. Wa kwanza tangu moto! Sisi tumemkuta leo, mwaka mzima baadaye. Lindsay alimsikia kabla ya kila mtu."

"Ndege kinubi si mgeni," Beverley alisema. "Hahami. Hiki ni Kitabu cha Wageni."

"Aliondoka, hakuondoka?"

"Aliondoka, lakini..."

"Amerudi, hajarudi?"

"Amerudi."

"Basi mwandike, mama, kabla sijazeeka. Mimi mwenyewe nilikuja kwa meli mwaka wa hamsini na mbili na nimeandikwa kila mahali."

Walipiga kura kwa mikono. Beverley aliandika juu ya mstari mwekundu: *Ndege kinubi, dume, akiiga mdiria. Wa kwanza chini ya daraja tangu moto. L.P.* Hakuweka mabano. Wim akarudishiwa mdiria wake wa mwaka wa sitini na mmoja, akasema hamtaki tena, amezoea kushindwa, lakini alikuwa akitabasamu mpaka masikioni.

Kisha Honor alifungua mkoba wake. Alikuwa amepita nyumbani kubadili viatu, na alikuwa amechukua kitu kwenye droo ya Lindsay. Alikipulizia pumzi, akakibonyeza kwenye ukingo wa ukurasa, kando ya neno lililopigwa mstari, akakiinua. RUDISHA KWA MTUMAJI, ilisomeka, wino wa zambarau, imepinda kidogo upande wa kulia. Lindsay naye alikuwa akigonga kwa kupinda.

"Alikuwa anakuja kufanya hivi," alisema. "Alichelewa tu."

Siku hizi Honor huenda kijitoni Jumamosi, na amenunua buti za namba yake. Bado anasema ndege hawakufundishwa, ila sasa anasema ni wawili watatu tu.

Na kwenye duka la mikate bado wanauliza. Wiki iliyopita mwenye duka mwenyewe aliegemea kaunta, akaangalia kushoto na kulia, akasema, "Haya, Bi Pascoe, tuko wawili tu. Ni nani huyo aliyetaka mnyamaze? Yule wa ukurasa. Ni Wim? Ni Beverley? Niambie tu herufi ya kwanza."

Honor alivaa glavu yake ya kushoto, kidole kimoja kimoja.

"Mtu huyo ana jina, na jina hilo lina watoto," alisema. "Sisemi leo, na sitasema kesho. Nipe mkate wa ngano, usiokatwa."